Chini ya Kijivu

Msimamizi kasema: kwangueni hadi mbao.
Ndiyo maana niko hapa tangu saa moja,
kitambaa puani, kikwangulio mkononi,
gatini Kisumu, upande wa reli,
na mbele yangu ubavu wa merikebu
ambao kila aliyekuja aliupaka rangi
akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Kijivu kinatoka kwanza, kikaidi.
Ni kijivu cha wanamaji,
cha vijana walionyolewa vipara
wakapanda mlingoti kwa filimbi
wakatapika ziwani kwa zamu.
Shitandi wa Lurambi, ambaye hadi siku ile
maji mengi aliyoyajua ni ya ndoo,
alijifunza dira humu, akapanda cheo,
akastaafu na mgongo mbovu.
Jumapili iliyopita alikuja kuitazama.
Alizunguka mara moja, kofia mkononi.
Alisema tu, "Kumbe ni ndogo."

Chini ya kijivu, kijivu kingine,
kizito zaidi: cha vita vya Wazungu.
Hapo namkuta babu.

Ogwang' Nyamori. Kabla ya vita
aliisugua sitaha hii kwa jiwe na mchanga
mpaka magoti yakaota sugu,
na kuketi juu yake hakuruhusiwa.
Vita vilipokuja, bwana akaitoa kwa serikali,
au serikali ikaichukua, sijui;
aliyezijua kamba zake alikuwa mmoja,
basi wakampa filimbi, kaptula,
na vijana arobaini
wa Uyoma, wa Kano, wa Budalang'i,
awafunze mafundo, bendera, kugeuza tanga.
Miezi minane.
Kisha wakagawiwa buti
wakapelekwa Burma, msituni, kwa miguu.
Kila pepo la ziwa walilijua kwa jina,
wakafia topeni.
Waliorudi babu aliwahesabu kwa vidole,
na vidole vikabaki.

Chini yake, nyeupe.
Nyeupe ya vitambaa vya meza.
Bwana Petherick, wa kahawa kule Koru,
aliiagiza ng'ambo, ikaja vipande vipande,
masanduku thelathini na moja yakiteremka Mau,
na mkuku peke yake ukalala juu ya mabehewa mawili,
watu wa Muhoroni wakasimama kando ya reli
wakidhani ni jeneza la jitu.
Akaipa jina la mkewe. Mke hakuja.
Herufi ziko bado kwenye tezi:
D, halafu kovu, halafu A.
Jumamosi ni mashindano, glasi, vicheko,
matanga yamevimba kama mashavu ya mpiga baragumu,
na babu yuko magotini.

Watu wa pwani husema
nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nami nimeshuka ngamani na tochi,
maji meusi hadi kwenye ndama za miguu,
harufu ya dizeli na gugumaji lililooza.
Kwenye taruma la saba,
pahali ambapo bwana hakuinama kamwe,
mikwaruzo ya kisu: mitano, mitano, mitano.
Nimehesabu mara mbili. Ni arobaini.
Sita imezungushiwa duara.
Wa saba duara lake halikufungwa,
kama mkono ulisita, au habari ilibadilika.

Msimamizi ananiita kutoka juu:
rangi imefika, mikebe sita, samawati,
wageni wanapenda samawati,
Ijumaa wanakuja kupiga picha.
Namuuliza, na humu ngamani?
"Humo nani ataona? Acha."

Naacha.

Juu, kamba ya mikebe imefungwa ovyo ovyo,
mmoja umeshaanza kumwagika.
Naifungua, naifunga upya,
lile fundo ambalo mama alifungia mbuzi
pale nyuma ya jiko,
kaza, rudisha, pitisha chini,
bila kujua kwamba lilitoka majini.